MTOTO WA MBWA NDANI YA NYUMBA: TUTANDIKE NINI?



Hapa Magoma, na huko juu kwenye milima ya Usambara, mbwa ni mlinzi. Mchana analinda mahindi yasiliwe na nyani, ngedere na nguruwe mwitu. Usiku analinda nyumba na mbuzi. Lakini kabla hajawa mlinzi, mbwa huyo ni mtoto. Akiachishwa kunyonya akiwa na miezi miwili na kupelekwa nyumba ngeni, hawezi kulala nje peke yake. Baridi itamtesa, hasa kwa wenzetu wa Lushoto mwezi wa Juni na Julai. Basi watu wengi humlaza jikoni au kwenye kona ya ukumbi mpaka apate nguvu.

Hapo ndipo kazi inapoanza. Mtoto wa mbwa anakojoa popote. Anakunya karibu na mafiga. Mama mwenye nyumba anafagia asubuhi, jioni anafagia tena. Na katika sakafu hiyo hiyo kuna mtoto wa binadamu anayetambaa, anaokota kila kitu na kukitia mdomoni.

Makala haya yanaeleza vitu vya kutandika ili mkojo na kinyesi viondoke upesi, bila kununua vitambaa vya kutupa vinavyouzwa mjini.

KWA NINI TUSIFAGIE TU?

Kufagia hakutoshi. Tuangalie mambo mawili.

Kwanza, minyoo. Watoto wengi wa mbwa huzaliwa tayari wana minyoo, kwa sababu minyoo hiyo hutoka kwa mama yao wakiwa bado tumboni. Mayai ya minyoo hutoka pamoja na kinyesi. Mayai ni madogo sana, huwezi kuyaona kwa macho. Mtoto akiyala, minyoo midogo hutembea mwilini mwake na inaweza kuingia kwenye ini, mapafu, hata jicho. Iko minyoo mingine ya mbwa ambayo haina haja ya kuliwa. Inatoboa ngozi ya mguu usio na kiatu, inatambaa ndani ya ngozi na kuwasha sana.

Sasa sikiliza jambo la maana. Mayai yale ya kwanza hayadhuru siku ile ile yanapotoka. Hukaa kwenye udongo wenye joto na unyevu wiki mbili au zaidi ndipo yawe na nguvu ya kumwambukiza mtu. Na ile minyoo inayotoboa ngozi nayo inahitaji siku kadhaa. Kwa hiyo kinyesi kikiondolewa kila siku, ugonjwa unakosa nafasi. Kikifagiliwa na kuachwa nyuma ya nyumba, unapata nafasi.

Pili, mkojo. Mwezi wa Julai 2022 mkoa wa Lindi ulipata mlipuko wa homa ya mgunda. Serikali ilitangaza wagonjwa 20, na watatu kati yao walifariki. Vijidudu vya homa hiyo huenezwa na mkojo wa wanyama, hasa panya, lakini mbwa pia anaweza kuwa navyo. Huingia kwa mtu kupitia kidonda, mchubuko, macho au mdomo, na hupenda mahali penye maji maji. Mahali pakavu havikai. Hii ndiyo sababu kubwa ya kutandika kitu kinachonyonya, kisha kukiondoa.

VITAMBAA VYA DUKANI NI KITU GANI?

Katika miji kama Tanga, Arusha na Dar es Salaam wako watu wanaofuga mbwa ndani ya nyumba siku zote. Baadhi yao hununua vitambaa vya kutandika sakafuni. Mbwa akishakojoa, kitambaa hutupwa.

Kitambaa hicho kimetengenezwa kama nepi ya kutupa. Juu kuna karatasi laini inayopitisha mkojo. Katikati kuna nyuzinyuzi za mti zilizosagwa, pamoja na unga maalumu unaovimba ukigusa maji na kugeuka kama uji mzito. Chini kuna plastiki inayozuia mkojo usifike sakafuni.

Kitu hicho kinafanya kazi yake, hatukatai. Lakini kina matatizo matatu. Hakiozi, na sisi vijijini hatuna gari la taka. Ukikichoma, moshi wake ni mbaya. Na mtoto wa mbwa hutafuna kila kitu. Akimeza ule unga na plastiki, utumbo unaweza kuziba. Sisi Tanzania Bara tuliacha mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tangu tarehe 1 Juni 2019. Si vizuri tena kuleta plastiki nyingine na kuitupa shambani.

Tena iko gharama. Tufanye hesabu. Bei hizi ni za mfano tu, wewe weka bei za dukani kwako.

Tuseme kitambaa kimoja ni shilingi 700, na vinatumika 3 kwa siku.
700 x 3 = shilingi 2,100 kwa siku.
2,100 x 30 = shilingi 63,000 kwa mwezi.
63,000 x 2 = shilingi 126,000 kwa miezi miwili.

Tuseme sasa umeshona vitandiko 3 kwa nguo kuukuu, fundi cherehani akatoza shilingi 1,000 kwa kimoja. Hizo ni shilingi 3,000. Sabuni ya miezi miwili tuseme shilingi 6,000. Jumla shilingi 9,000.

126,000 toa 9,000, zinabaki shilingi 117,000. Hizo ni daftari za watoto, ni mbegu, ni mbolea.

VITU VYA KUTANDIKA

1. Kitandiko cha kushona

Hiki kinafaa zaidi huku chini bondeni, kwa sababu jua lipo na nguo hukauka upesi. Kata vipande vya mraba, kila upande sentimita 60. Kama huna futi kamba, ni karibu shubiri 3. Juu weka kitambaa cha pamba, kwa mfano khanga au shuka lililochakaa. Katikati weka tabaka tatu au nne za taulo au blanketi kuukuu. Chini weka kipande cha turubai au nailoni nzito. Shona pembeni pote, kisha pitisha mshono mmoja katikati ili tabaka zisijikunje. Nguo za nailoni na poliesta usiziweke juu wala katikati, maana hazinyonyi. Mkojo hutiririka pembeni.

Tengeneza vitandiko 3. Kimoja kiko sakafuni, kimoja kimefuliwa kinakauka, kimoja kinangoja. Kufua: kung'uta kinyesi chooni, suuza kwa maji ya baridi kwanza ili mkojo utoke, kisha fua kwa sabuni na uanike juani mpaka kikauke kabisa. Usikifue katika beseni moja na nguo za watu. Harufu ikibaki, weka siki kidogo au maji ya ndimu kwenye maji ya kusuuzia. Na angalia sana: ile dawa ya kung'arisha nguo yenye klorini usiimwage juu ya mkojo. Vikichanganyika hutoa hewa kali inayochoma macho na kifua.

2. Pumba za mpunga na maranda

Milimani wakati wa mvua nguo inaweza kukaa siku tatu haijakauka. Wenzetu wa huko watumie kitu cha kutupa kinachooza. Huku bondeni mashine za kukoboa mpunga zina pumba. Huko juu, penye mbao, mafundi seremala wana maranda. Chukua sanduku la mbao au karai kuukuu lenye ukingo mfupi, sentimita 10 hivi, ili mtoto wa mbwa aweze kupanda. Mimina pumba au maranda kina cha vidole vinne. Kila asubuhi ondoa sehemu iliyolowa na kinyesi, ongeza kavu. Kila wiki mwaga yote, osha chombo, anika.

Maranda huyanyonya maji vizuri kuliko pumba. Pumba ni ngumu kidogo, kwa hiyo weka gazeti chini yake. Maranda ya mbao zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa usiyatumie. Wala usitumie vumbi laini sana la msumeno, maana linaingia puani mwa mbwa na mwa watu.

3. Mchanga

Mchanga mkavu katika karai nao unafaa. Lakini mchanga uliolowa ni nyumba nzuri ya minyoo. Kwa hiyo uondoe uliolowa kila siku, na watoto wasiuchezee hata kidogo.

4. Magazeti

Gazeti linanyonya, ila linachanika upesi. Tandika kurasa sita au nane kwa pamoja. Gazeti hili pia linafaa, lakini tafadhali lisomwe kwanza, kisha jirani alisome, ndipo lifike kwa mbwa!

5. Gunia

Sisi wa mkoa wa Tanga tunajua mkonge. Uliletwa hapa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Gunia la katani, au la juti, hupitisha maji na hukauka upesi. Peke yake halizuii mkojo. Liweke juu ya maranda. Gunia la plastiki halinyonyi kabisa, lakini linafaa kuwekwa chini ya vitu vingine, hasa penye sakafu ya udongo, ili udongo usinywe mkojo. Kama lilikuwa la mbolea, lioshe sana kwanza.

6. Majani makavu ya mgomba

Majani haya ni kitanda kizuri chenye joto. Lakini hayanyonyi mkojo. Yawe mahali pa kulala, siyo mahali pa haja.

TAHADHARI JUU YA MAJIVU

Watu wengi hupenda kumwaga majivu. Majivu yaliyopoa ni mazuri kufunikia kinyesi chooni. Yanakausha, na nzi hawaji. Lakini usimtandikie mtoto wa mbwa majivu. Yakilowa huwa makali, yanachoma nyayo zake, naye hujilamba na kuumia mdomo.

KINYESI KITUPWE WAPI?

Wazee wetu wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Vikundi vya kujisomea vilisikiliza redio, vikajadiliana, kisha watu wakachimba vyoo. Somo lile bado ni lile lile. Kinyesi cha mbwa kitupwe katika choo cha shimo. Kama haiwezekani, kifukiwe kina cha kama sentimita 50, mbali na kisima na mfereji. Wengine husema, "Samadi ni samadi tu." Sivyo. Kinyesi cha mbwa kisiwekwe kwenye mchicha, kabichi wala karoti. Pumba na maranda yenye mkojo tu, bila kinyesi, unaweza kuyafukia chini ya mgomba. Ukimaliza, nawa mikono kwa sabuni. Mwenye kidonda mkononi avae mfuko au amwachie mwingine kazi hiyo.

MFUNDISHE, USIMPIGE

Kitandiko ni cha muda. Shabaha yetu ni mbwa ajue kwenda nje. Mtoto wa mbwa hutaka haja nyakati zinazojulikana: akiamka, akimaliza kula, na akimaliza kucheza. Nyakati hizo mtoe nje, mpeleke mahali pale pale kila mara. Akimaliza, msifu au mpe kipande cha ugali. Usiku hawezi kuzuia mkojo mpaka asubuhi, ndiyo maana tunatandika. Kila wiki sogeza kitandiko karibu na mlango, mwishowe kitoke nje.

Akikosea usimpige wala usimsugue pua kwenye mkojo. Haelewi kosa. Anachojifunza ni kukuogopa, kisha atakojoa kwa kujificha chini ya kitanda.

Muone bwana mifugo mapema. Dawa ya minyoo huanza mbwa akiwa na wiki 2 tu, na hurudiwa. Muulize pia tarehe ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Mbwa yeyote akikuuma, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Usingoje kuona dalili. Dalili za kichaa zikishaonekana kwa mtu, karibu kila mara hufa.

NYUMBA AMBAZO MBWA HAINGII NDANI

Katika nyumba nyingi za Waislamu, huku bondeni na huko milimani, mbwa haingii ndani, maana umajimaji wake ni najisi na watu wanaswali humo. Hilo liheshimiwe. Wao wamjengee kibanda kidogo kinachogusana na ukuta wa jiko, chenye sakafu ya mbao iliyoinuliwa kidogo kutoka chini, na mlango usioelekea upepo. Ndani waweke majani ya mgomba upande wa kulala, na maranda upande wa haja. Kazi ya kuondoa uchafu kila siku ni ile ile.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini kinyesi cha mbwa kiondolewe kila siku, wala siyo kila wiki?
2. Katika kijiji chetu, ni kitu gani cha kutandika kinachopatikana bila pesa? Nani anacho?
3. Piga hesabu ya nyumba yako: sabuni na fundi wa kushona ni shilingi ngapi kwa miezi miwili?
4. Mbwa wangapi wa kitongoji chetu wamepata chanjo mwaka huu? Nani ataenda kwa bwana mifugo kuuliza siku ya chanjo?