Bahari Moja, Mwendo Mbalimbali: Ubunifu na Mtindo wa Mtu katika Michezo ya Baiskeli na Ubao wa Magurudumu

Mtoto wa Likoni au Kisauni anapoanza kujifunza baiskeli, aghalabu hapati baiskeli ya kimo chake. Huipata ile iliyopo nyumbani: nyeusi, nzito, yenye magurudumu ya inchi 28 na bomba la juu la fremu ambalo miguu yake haiwezi kulivuka. Basi hupenyeza mguu mmoja chini ya bomba hilo, akaiinamisha baiskeli upande mmoja na mwili wake upande wa pili, akakanyaga pedali nusu nusu, na chombo kikaenda. Namna hiyo ya kuendesha haimo katika kitabu chochote cha mafunzo. Imezaliwa na dhiki ya kimo. Hata hivyo, ukiwatazama watoto watatu wakipita njia moja ya mchanga utamjua kila mmoja kwa mbali kabla hujaiona sura yake, kwa jinsi anavyouinua mgongo, anavyokaza kiwiko, anavyoyumba.

Makala haya yanakusudia kufafanua jambo hilo la kumjua mtu kwa mwendo wake, kwa kuangalia michezo miwili ambayo imelifanya kuwa sanaa: uendeshaji huru wa baiskeli ndogo za BMX, na mchezo wa ubao wa magurudumu, yaani skeitibodi. Istilahi mbili zinahitaji kutenganishwa tangu mwanzo, kwa kuwa watu wengi huzichanganya. Ubunifu ni kuleta tendo ambalo halikuwapo. Mtindo ni namna mtu anavyolibeba tendo, liwe jipya au kuukuu. Mwanafunzi wa ushairi hatapata tabu kuuona mpaka huu. Tarbia ni ya kila mtu. Vina na mizani havina mwenyewe. Lakini shairi la Muyaka bin Haji wa Mombasa (1776–1840) halina sauti ya mwingine.

Neno bahari, ambalo wanaarudhi huliita kila aina ya utungo, lina bahati ya kufaa hapa kwa maana zake zote mbili, kwani ubao wa magurudumu ulizaliwa pwani. Katika jimbo la California, Marekani, miaka ya 1950, watu waliozoea kuteleza juu ya mawimbi walitia magurudumu kwenye vipande vya mbao ili wapate la kufanya siku ambazo bahari imetulia. Magurudumu ya kwanza yalikuwa ya chuma, kisha yakaja ya udongo uliookwa, na yote yalikwama kwenye kila kijiwe. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Frank Nasworthy alianza kuuza magurudumu ya poliyurethani, plastiki ngumu inayoshika lami bila kunata, na mchezo ukabadilika. Ukame wa miaka ya 1976 na 1977 ulipoyaacha mabwawa mengi ya kuogelea ya California bila maji, vijana wa Santa Monica na Venice waliyageuza viwanja. Walishuka na kupanda kuta za saruji wakiwa wamechutama na kuigusa saruji kwa mkono, kama Larry Bertlemann wa Hawaii alivyokuwa akiligusa wimbi. Hawakuwa na wimbi, lakini mwendo wa wimbi walibaki nao.

Tendo ambalo limeuzaa karibu mchezo wote wa leo ni oli. Alan Gelfand wa Florida, aliyeitwa kwa utani Ollie, mwishoni mwa miaka ya 1970 aligundua namna ya kuruka juu ya ukingo wa bwawa pamoja na ubao wake bila kuushika kwa mkono. Mnamo 1982 Rodney Mullen, wa jimbo hilohilo, alilihamisha tendo hilo hadi sakafu tambarare. Siri yake ni hii. Mguu wa nyuma unaupiga mkia wa ubao chini, pua ya ubao inapanda, na papo hapo mguu wa mbele unakwangua juu kuelekea puani ili mkia nao upande na ubao ulale sawa hewani chini ya nyayo. Yote hayo hutendeka kwa muda mfupi kuliko kulitamka jina lake. Baada ya hapo Mullen aliongeza kuuzungusha ubao hewani, kwa marefu yake na kwa mapana yake, na wengine wakaongeza juu ya nyongeza zake.

Msomaji wa fasihi ya Kiswahili ataitambua kazi hiyo mara moja, maana ni takhmisa. Malenga huchukua beti za mwenzake, akazihifadhi kama zilivyo, kisha akaongeza mishororo yake hadi kila ubeti ukatimia mitano; na hakuna anayemwita mwizi. Katika mchezo wa ubao vilevile, anayelichukua tendo la mwenzake na kulirefusha humheshimu aliyetangulia. Hata pindu ina mwenzake: mchezaji stadi huufanya mwisho wa tendo moja kuwa mwanzo wa jingine, akitua kwa magurudumu mawili ya nyuma na kwenda nayo mpaka aruke tena, asiruhusu mguu kugusa chini.

Na guni? Guni ipo. Kuna wanaosukuma ubao kwa mguu wa mbele badala ya wa nyuma, na wenzao huwacheka kwa miaka. Ubao unakwenda, tendo linakamilika, ila mwendo unaonekana umevunjika, kama mshororo uliopungukiwa na mizani moja. Hapa ndipo mjadala unapokuwa mkali, na pengine hautakwisha: kosa linageuka lini kuwa mtindo? Wapo wachezaji waliosifiwa kwa mikono iliyotupwa ovyo, ambayo kwa mwingine ingeitwa uchanga. Jibu lililo karibu na ukweli ni kwamba kosa humtokea mtu asipotaka, ilhali mtindo huurudia kila mara akitaka.

Baiskeli za BMX zina historia inayofanana na hiyo. Watoto wa California mwanzoni mwa miaka ya 1970 waliiga mashindano ya pikipiki kwenye njia za vumbi kwa baiskeli za magurudumu ya inchi 20. Mwishoni mwa mwongo huo, Bob Haro na wenzake waliacha kukimbizana wakaanza kucheza: kusimama juu ya fremu, kuzunguka kwa gurudumu moja, kurudi kinyumenyume. Mbio humpa ushindi anayefika kwanza. Katika uendeshaji huru hakuna pa kufika, kwa hiyo namna ya kwenda ndiyo inayotazamwa.

Hilo ndilo lililoleta mashaka michezo yote miwili ilipoingia katika Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021. Katika BMX kila mshiriki hupewa dakika moja, na waamuzi humpa alama zisizozidi 99.99 kwa kupima ugumu, urefu wa mruko, ubunifu na mtindo kwa pamoja. Charlotte Worthington wa Uingereza alianguka katika zamu ya kwanza akijaribu kupinduka kinyumenyume huku akizunguka duara kamili, tendo ambalo hakuna mwanamke aliyekuwa amelikamilisha mashindanoni. Zamu ya pili alilirudia lilelile, akatua, akapata 97.50 na medali ya dhahabu. Ulikuwa ushujaa wa haki. Ila ikumbukwe kwamba kilichotia fora hapo ni ugumu na upya, mambo ambayo mwamuzi anaweza kuyahesabu. Mtindo haukubali kuhesabiwa kwa wepesi huo, na waendeshaji wengi wa mitaani wameyahofia mashindano kwa sababu hiyo.

Afrika Mashariki nayo imo. Huko Kitintale, mtaa wa Kampala, vijana walijijengea uwanja wa saruji kwa mikono yao mwaka 2006, Jack Mubiru akiwa miongoni mwa waasisi. Nairobi ilipata uwanja wa Shangilia, Kangemi, mwaka 2013. Bara la Mombasa lina masharti yake. Gurudumu la ubao ni gumu na dogo, kipenyo chake milimita hamsini na kitu, na mchanga wa Likoni hulisimamisha ghafla huku mwendeshaji akiendelea na safari peke yake. Changamwe ina lami, lakini lami hiyo ni ya malori ya makontena. Ndiyo maana baiskeli, na hasa baiskeli ya kawaida, ndiyo inayobeba sanaa hii kwa wepesi zaidi upande huu wa maji. Kijana anayeinua gurudumu la mbele la baiskeli nzito hulazimika kuuvuta mwili nyuma mno kuliko mwenye BMX, na kidole hakibanduki kwenye breki, kwani breki ya nyuma ndiyo inayomrudisha chini asipinduke. Uzito huo humpa mwendo wa taratibu, wa madaha, ambao mwenye chombo chepesi hana haja nao.

Mpita njia humwona akauita uhuni. Sehemu ya lawama hiyo ni ya haki, maana barabara si yake peke yake. Sehemu nyingine inatokana na uhaba wa maneno. Kiswahili kina utajiri wa kutaja namna ya kwenda: mikogo, madaha, mbwembwe, maringo. Hakijataja vitendo vyenyewe. Katika soka wasemaji hawakuingoja kamusi. Mpira ukipitishwa katikati ya miguu ya mlinzi ni tobo. Ukirushwa juu ya kichwa chake amevishwa kanzu. Kuna danadana, kuna chenga, kuna tikitaka. Kwa sababu tobo ina jina, watazamaji wawili wanaweza kubishana usiku kucha ni nani aliyeipiga vizuri zaidi, na kwa nini. Kijana wa Kisauni aliyekwenda hatua hamsini kwa gurudumu la nyuma, mkono mmoja ukiwa kiunoni, bado husimuliwa kwa sentensi nzima.