Kanga iliyosema: sanaa ya mke aliyenyimwa kauli (2)

Wiki iliyopita tulisoma Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858 na Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu. Tuliona jinsi mama yule, akiwa mgonjwa, alivyomuusia bintiye Mwana Hashima amtii mume na kumridhisha. Ni kazi ya fahari katika fasihi yetu. Lakini wanawake wa pwani hawakuachiwa utendi huo peke yake. Walijitafutia njia nyingine za kusema, na leo naanza na ile iliyo karibu zaidi na mwili: kanga.

Kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Majina yalianza kuchapwa mwanzoni mwa karne ya 20, kwanza kwa herufi za Kiarabu, na tangu hapo nguo ikawa na ulimi. Uzuri wake ni kwamba maneno hayo si yako. Yamechapwa kiwandani, yameuzwa dukani, yamevaliwa na mamia ya wengine. Mume akiuliza, jibu liko tayari: nimependa rangi.

Shangazi yangu, huko Tanga, alikaa miaka mingi na mume aliyemkataza harusi, misiba, hata kwenda kwa mama yake. Akimjibu, anapigwa. Siku moja alirudi kutoka sokoni na doti moja, akaikata, akakunga pindo kwa mkono, akajifunga kipande kimoja kiunoni. Aliivuta nguo mpaka jina likakaa sawasawa nyuma, chini ya kiuno. Kisha akaandaa chakula cha mchana, akamtengea mumewe, akageuka kurudi jikoni taratibu kuliko kawaida yake. Jina lilisema: Nilikudhani dhahabu kumbe adhabu. Mume alilisoma. Alipouliza, shangazi alimwambia kanga hizo zimejaa sokoni. Jioni ile aliifua, akaianika kwenye kamba ya mbele, upande wa njiani, jina likitazama wapita njia.

Miaka yote ile sikumsikia shangazi akinung'unika kwa mdomo. Lakini mtaa mzima ulijua.

Taarabu ina siri hiyohiyo. Mshairi ametunga, mwimbaji ameimba, na mwanamke aliyeketi ukumbini anangoja ubeti wake. Ukifika anainuka na noti mkononi, anakwenda kutunza kwa mwendo wa madaha, anapita mbele ya yule anayemkusudia. Hajatamka neno. Ila niseme wazi kinachonisikitisha: mara nyingi mishale hiyo humpata mke mwenza au jirani, na mume anayewatesa wote wawili huondoka salama.

Bi Kidude, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, hakumpa mume yeyote nafasi hiyo ya kumtesa. Fatuma binti Baraka, ndilo jina lake, alisimulia mwenyewe kwamba alipokuwa bado binti mdogo aliikimbia ndoa ya kulazimishwa akavuka kwenda Bara, na baadaye akaikimbia ndoa nyingine isiyompa raha. Alitembea miguu mitupu, akaimba bila kufunika uso wakati waimbaji wanawake walijifunika. Zanzibar ilimjua pia kwa unyago, ambako wanaume hawaingii na mwari huambiwa mambo ya ndoa yasiyotamkwa hadharani. Aliufunga msondo, ngoma ile ndefu, kiunoni kwa kanga, akaupanda kama anayepanda punda, akaupiga kwa viganja. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX, maonyesho ya kimataifa ya muziki, na aliendelea kupanda jukwaani karibu mpaka kifo chake Aprili 2013.

Wako wanaodharau haya yote na kuyaita mipasho ya wanawake wasio na kazi. Wanakosea sana. Mtu aliyezuiwa kutoka, kumiliki fedha na kujibu, akapata mahali pa kusema bila kupigwa, amejipatia uhuru, hata kama ni wa upana wa kipande cha nguo. Kwa shangazi yangu ulikuwa mwanzo. Alianza kwa kuanika kanga ile, na baada ya miaka miwili akafungasha nguo zake na kurudi kwao.

Hata hivyo kanga haizuii fimbo, na dada anayeisoma makala hii akiwa na alama mwilini asiambiwe avumilie kwa kuimba. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayotumika Tanzania Bara, kinasema hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumpa mwenzake adhabu ya kipigo. Vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Nenda huko, na kama unaogopa kwenda peke yako, fuatana na mtu unayemwamini. Nawe jirani unayeiona kanga ile kwenye kamba kila wiki, usiisome ukapita. Bisha hodi.