USIKU WA MBALAMWEZI KATIKA VISIWA VYA NYANZA

Mtu wa bara akisikia habari za jioni njema ya kisiwani, mara moyo wake huenda pwani. Hukumbuka Unguja na bustani ya Forodhani, ambako watu hutembea polepole jua likichwa, wakinunua mishkaki na maji ya miwa, wakibarizi kando ya bahari. Sifa hiyo ni ya kweli. Lakini sisi wa Shinyanga na Geita tunavyo visiwa vilivyo karibu nasi zaidi, wala hatuna haja ya kushuka hata Bahari ya Hindi ili kuviona.

Ziwa letu la Victoria, liitwalo Nyanza, lina ukubwa wa kilometa za mraba zipatazo 68,800. Upande wa Geita kuna Izumacheli. Kaskazini ya Geita na Sengerema vipo Maisome na Kome. Na upande wa mashariki vipo Ukerewe na Ukara. Rubondo haina vijiji, maana tangu mwaka 1977 ni hifadhi ya taifa, na usiku wake ni wa viboko na ndege. Katika visiwa vingine watu ni wengi, na jioni yao yafaa kujulikana. Kwa kuwa tuko magharibi ya Unguja, jua letu huchwa karibu nusu saa baada ya la kwao, yapata saa 1 ya jioni, mwaka mzima. Ndipo usiku wa visiwani uanzapo; nao una sura mbili, na anayezigawa ni mwezi.

Giza ndiyo kazi

Mwezi usipoonekana ni wakati wa kuvua dagaa. Jua likichwa wanaume hushusha mitumbwi, watatu au wanne au watano katika kila mmoja, pamoja na taa zao. Zamani zilikuwa karabai za mafuta. Siku hizi wengi wana taa za betri zipatazo nguvu kwa jua. Taa hufungwa juu ya vyelezo vidogo, nazo huachwa zielee. Mwanga huwavuta wadudu wadogo mno wa majini, na dagaa hufuata chakula chao. Kisha wavuvi huivuta taa polepole, huuzungusha wavu chini yake, na kuuinua. Kazi hiyo hurudiwa mara nyingi hata alfajiri. Mtu akisimama ufukoni mwa Nkome usiku kama huo, huona taa nyingi mbali majini, hata mgeni hudhani kuna mji.

Lakini mji huo hauna amani. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, na pepo hutoka pande zote za pwani zikielekea katikati ya ziwa. Zikikutana, hewa yenye mvuke hupanda juu na kufanya wingu la radi. Ndiyo sababu tufani za Nyanza hupenda saa za usiku, nazo huua wavuvi wengi. Basi mke wa mvuvi halali usingizi mzito. Alfajiri hushuka mwaloni na kuhesabu mitumbwi. Akiisha kumwona mumewe, ndipo ashikapo karai akaanike dagaa juu ya mchanga, au juu ya mwamba, au juu ya chanja. Jua likiwa kali hukauka upesi. Mvua ikinyesha huoza, na kazi ya usiku mzima imepotea.

Mbalamwezi ndiyo pumziko

Mwezi unapokaribia kupevuka, taa haina nguvu tena, maana maji yote yana mwanga na dagaa hutawanyika. Basi mitumbwi hupandishwa pwani, na wavuvi hukaa bila kwenda ziwani kadiri ya wiki moja au zaidi. Mchana hushona nyavu zilizotatuka, na jioni ni yao. Wala hawahitaji kalenda. Baada ya mwezi mpevu, mwezi huchelewa kuchomoza kwa dakika kama 50 kila siku. Giza la mwanzo wa usiku likiwa refu la kutosha, kazi huanza tena.

Jioni hizo za mwezi ni tulivu. Karibu na mwalo mama mmoja hukaanga samaki na mihogo, na wanunuzi huketi juu ya mitumbwi iliyopinduliwa wakila bila haraka. Wazee hucheza bao. Watoto hucheza kombolela nyuma ya nyumba, na mwezi huwafichua hata waliojificha vema. Kijiji chenye umeme huwa na redio au muziki dukani. Bwisya ya Ukara, kwa mfano, ilipata umeme wa nguvu ya jua mwaka 2016. Upepo wa usiku huondoa joto la mchana. Haya yote hayana gharama kubwa, na maskini hupata sehemu yake sawa na tajiri.

Moto wa jioni

Wengi wa wavuvi na wachuuzi wa visiwani ni watu waliotoka bara, Wasukuma na wengineo, nao walikwenda na desturi za kwao. Nchini Usukuma, tangu zamani, mji wenye heshima ulikuwa na shikome, yaani moto wa jioni ambao baba na wazee huuota pamoja na vijana. Hapo kijana alijifunza habari za ukoo, ulinzi wa ng'ombe, adabu na mashauri ya ndoa. Mmoja alisema, "Kalagu!" na wengine wakajibu, "Kize!" kisha kitendawili kikategwa. Michembe na karanga zilipitishwa mkono kwa mkono. Hakuna aliyeita jambo hilo shule, lakini lilikuwa shule.

Ngoma nazo zilikuwa na taratibu. Baada ya mavuno, vyama viwili, Bagika na Bagalu, vilishindana mbele ya watu, na bado vyashindana. Asili yao ni waganga wawili walioshindana kwa dawa na kwa ngoma, Ngika na Gumha. Wamisionari wengi wa kwanza waliziogopa ngoma hizo, wakawakataza Wakristo. Baadaye, katika miaka ya 1950, Padre David Clement, mtu wa Kanada, alizipokea ngoma za Kisukuma pale Bujora karibu na Mwanza, akaanzisha huko makumbusho ya mambo ya Wasukuma. Aliona kwamba ngoma ichezwayo mbele ya wazee na watoto si adui wa nyumba.

Ukerewe nako palikuwa na enanga, chombo chenye nyuzi zilizopitishwa juu ya ubao uliochongwa kama hori, na mpigaji wake aliimba habari za watu wa kale. Katika kisiwa hicho aliishi Aniceti Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896, akasoma seminari ya Rubya katika nchi ya Wahaya, akawa katekista. Aliona kwamba wazee wanakufa na maneno yao pamoja nao. Basi yapata mwaka 1945 alimaliza kuandika kwa Kikerewe kitabu kikubwa cha maisha ya mume na mke, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Hakupata wa kukipiga chapa. Akakifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, akangoja miaka mingi. Kitabu kilitolewa Dar es Salaam mwaka 1980, naye alifariki mwaka 1981 kabla ya kukishika mkononi. Leo mambo mengi ya Wakerewe wa kale tunayajua kwa sababu mtu mmoja alisikiliza wazee, kisha akachukua kalamu.

Kitu kiharibucho jioni

Sasa tuseme neno gumu. Katika kambi nyingi hesabu ya mapato hufanywa mwezi unapopevuka, kazi ikisimama. Bei ya mafuta au betri hutolewa, fungu la mwenye mtumbwi hutolewa, na masalio hugawiwa wavuvi. Kwa hiyo fedha na nafasi ya kupumzika huja siku moja. Kijana aliyehatarisha roho yake majira yote ya giza aweza kuyamaliza mapato yake katika jioni mbili, kwa pombe na kwa marafiki wa mkopo. Kisha giza hurudi, naye hushuka ziwani akiwa na deni.

Watu wa Geita watalielewa neno hili upesi. Dhahabu yao imechimbwa tangu miaka ya 1930, na mgodi mkubwa wa sasa ulifunguliwa mwaka 2000. Tena pako mahali kama Nyarugusu penye wachimbaji wadogo wengi. Huko nako fedha humjia kijana ghafula, mbali na mama yake, mbali na moto wa jioni. Hata mwezi hauwapumzishi, maana shimoni usiku na mchana ni mamoja. Wataalamu wa afya nao wameona kwamba virusi vya UKIMWI huwapata watu wa mialo kwa wingi kuliko watu wa vijiji vingine. Si kwamba watu hao ni wabaya kuliko wengine. Ni kwamba kazi yao ni ya hatari, makazi yao ni ya kuhama, na jioni yao haina mzee wala mtoto karibu.

Hapo ndipo tofauti ilipo. Starehe si dhambi, wala usiku si adui. Jioni iliyo njema visiwani ni ile ambayo mzee, mama, kijana na mtoto wamo ndani yake pamoja. Wakiisha kutengwa, wanaume peke yao na fedha zao, hapo jioni ile ile hugeuka kuwa hasara.

Mashauri kwa nyumba na kwa walimu

Kwanza, hesabu ya mwezi isomwe nyumbani, mume na mke wakiwapo, na fungu la chakula na la shule litengwe kabla ya jua kuchwa. Ukiisha kutenga, nenda ukabarizi kwa moyo mweupe.

Pili, enyi wazazi, washeni tena moto wa jioni. Hata kama nyumba ni ya bati na taa ni ya umeme, redio yaweza kunyamazishwa kwa saa moja baada ya chakula na sala. Hadithi moja kwa jioni yatosha.

Tatu, enyi walimu, wapeni wanafunzi daftari, mkawaambie waandike hadithi moja na vitendawili vitano kutoka kwa babu au bibi, pamoja na jina la aliyesimulia. Wazee wa leo hawatatungoja, na mwezi mpevu ujao uko karibu.