Watu wa Meli ya Windrush

Ng'ambo ya bahari ya Atlantiki kuna visiwa vingi vinavyoitwa visiwa vya Karibi. Baadhi yake ni Jamaika, Barbados na Trinidad. Wakazi wengi wa visiwa hivyo ni watu weusi kama sisi. Babu zao walikamatwa Afrika, hasa Afrika ya Magharibi, wakapelekwa huko kulima miwa kama watumwa. Katika visiwa vilivyotawaliwa na Waingereza, watumwa walipata uhuru kamili mwaka 1838. Lakini mashamba mazuri yalibaki kwa matajiri, na kazi zilikuwa haba. Kwa sababu hiyo watu wengi waliondoka kwenda kutafuta riziki nchi nyingine. Hapa tutasoma habari za wale waliokwenda Uingereza.

Vita Kuu ya Pili ilikwisha mwaka 1945. Miji ya Uingereza ilikuwa imebomolewa kwa mabomu, na wafanyakazi hawakutosha. Wakati ule watu wa makoloni walihesabiwa kuwa raia wa Mfalme wa Uingereza. Waliruhusiwa kuingia nchini humo bila kuomba kibali. Mwaka 1948 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyosema wazi kwamba mtu wa koloni ni raia sawa na mtu wa London.

Mwaka huohuo meli iitwayo Empire Windrush ilipita Jamaika ikiwa safarini kwenda Uingereza. Nauli ya chini ilikuwa paundi 28 na nusu. Hizo zilikuwa fedha nyingi kwa mtu wa kawaida. Hata hivyo watu walijitahidi wakazipata. Tarehe 22 Juni 1948 abiria walishuka katika bandari ya Tilbury, karibu na London. Walikuwa zaidi ya 1,000, na kati yao 802 walikuwa wametoka visiwa vya Karibi. Walikuwamo mafundi seremala, mafundi cherehani, makanika, na vijana waliokuwa wamepigana vitani upande wa Uingereza.

Zaidi ya 200 hawakuwa na mahali pa kulala. Waliwekwa katika handaki kubwa chini ya ardhi, mahali paitwapo Clapham. Handaki hilo lilichimbwa wakati wa vita ili watu wajifiche mabomu. Ofisi ya kuandikisha kazi iliyokuwa karibu ilikuwa Brixton. Basi walikwenda Brixton kutafuta kazi, wakapanga vyumba hukohuko. Ndugu zao walipofika waliwafuata. Hivyo ndivyo Brixton ilivyopata sifa ya kuwa mji wa watu wa Karibi.

Wengine wengi walifuata kwa meli nyingine. Wanawake wengi walifanya kazi ya uuguzi hospitalini. Wanaume walifanya kazi viwandani, katika reli na katika mabasi. Mwaka 1956 shirika la mabasi la London lilipeleka maofisa Barbados kuandikisha wafanyakazi. Serikali ya Barbados iliwakopesha nauli, nao wakailipa kidogo kidogo kutoka katika mishahara yao. Kwa hiyo watu hawa hawakujipenyeza kwa siri. Waliitwa.

Shida kubwa ilikuwa nyumba. Wenye nyumba wengi walikataa kupangisha watu weusi. Wengine walibandika matangazo mlangoni kusema hivyo. Wale waliokubali walitoza kodi kubwa kwa chumba kibovu. Mtu akitaka kununua nyumba yake, benki nyingi hazikumkopesha. Basi walifanya nini? Walicheza upatu!

Hapa akina mama wengi watatabasamu, maana mchezo huu wanaujua. Tuseme watu 20 wanatoa paundi 2 kila wiki. Kijumbe anakusanya fedha, na kila wiki mtu mmoja anapokea paundi 40. Wiki inayofuata ni zamu ya mwingine. Watu wa Jamaika huuita mchezo huu pardner. Watu wa Trinidad huuita susu, jina ambalo babu zao walilitoa kwa Wayoruba wa Afrika ya Magharibi. Hakuna karatasi iliyotiwa sahihi. Kinachotakiwa ni uaminifu tu. Kwa fedha za upatu familia nyingi zililipa malipo ya kwanza ya nyumba, kisha zikawapangisha wenzao vyumba.

Ubaguzi ulikuwapo kazini pia. Katika mji wa Bristol, kampuni ya mabasi ilikataa kuajiri watu weusi kuwa makondakta na madereva. Mwaka 1963 watu waligoma kupanda mabasi hayo kwa miezi minne. Mwezi Agosti kampuni ilikubali kushindwa. Mwaka 1965 Bunge lilipitisha sheria ya kwanza ya kupinga ubaguzi wa rangi.

Sasa tufike kwenye jambo la karatasi. Watoto wengi waliletwa Uingereza kwa pasi za wazazi wao, hawakuwa na pasi zao wenyewe. Sheria ya mwaka 1971, iliyoanza kutumika Januari 1973, ilisema kwamba waliokwisha kuhamia wana haki ya kukaa daima. Lakini serikali haikuwapa wote hati ya kuonyesha haki hiyo, wala haikuandika orodha yao. Hakuna aliyejali. Watoto walisoma, wakaajiriwa, wakalipa kodi, wakapata wajukuu.

Mwaka 2014 na 2016 zilitungwa sheria mpya kali. Mwajiri, mwenye nyumba na benki walitakiwa kudai karatasi za uhamiaji. Wazee waliokaa Uingereza miaka 50 waliambiwa wathibitishe kwamba wako nchini kwa halali. Maofisa walitaka ushahidi wa kila mwaka, mwaka baada ya mwaka. Nani kati yetu ametunza barua ya mwaka 1975? Na serikali yenyewe ilikuwa imeharibu kadi za zamani za watu walioshuka melini. Ilifanya hivyo mwaka 2010.

Paulette Wilson alitoka Jamaika mwaka 1968 akiwa mtoto. Aliwahi kuwa mpishi katika Bunge la Uingereza. Mwaka 2017 alifungiwa katika kituo cha uhamiaji ili arudishwe Jamaika, nchi ambayo hakuwahi kurudi tangu utoto. Aliokolewa siku za mwisho. Wengine hawakuokolewa. Watu wasiopungua 83 walifukuzwa nchini. Wengine walipoteza kazi na nyumba, au walinyimwa matibabu.

Magazeti yaliandika habari hizo. Mwezi Aprili 2018 Waziri Mkuu Theresa May aliomba radhi, na Waziri wa Mambo ya Ndani akajiuzulu. Kisha maofisa walianza kutafuta majina ya wazee hao katika kumbukumbu za kodi na za malipo ya serikali. Waliyakuta. Ushahidi ulikuwa katika makabati ya serikali siku zote.

Mwaka 2019 serikali ilianza kulipa fidia. Malipo yalikwenda polepole sana, na baadhi ya wazee walifariki kabla ya kupata chochote. Fomu ya kuomba fidia ilikuwa ndefu. Nayo pia ilidai karatasi.