San Diego: ufuo ambako mbwa wanakimbia bila kamba, na sindano inayowapa ruhusa

Mbwa mkubwa anakimbia peke yake kando ya ziwa, bila kamba, na mwenyewe haonekani. Kwa mkaaji wa Goma, Bukavu ao Uvira, jambo la kwanza ni kuokota jiwe, la pili ni kuita watoto. Hakuna anayengoja kujua kama mbwa huyo ni mpole. Lakini mjini San Diego, kusini mwa jimbo la California huko Marekani, kuna ufuo wa bahari ambako watu wanafika na gari zao, siku ya Posho na siku ya Mungu, kwa kazi moja tu: kumfungulia mbwa kamba aende anakotaka.

Ufuo huo unaitwa Dog Beach, maana yake ufuo wa mbwa. Uko upande wa kaskazini wa mtaa wa Ocean Beach, pale mto San Diego unapoingia katika bahari ya Pasifiki. Tangu mwaka 1972 mji umeruhusu mbwa kukimbia hapo bila kufungwa, na ni mojawapo ya fuo za kwanza Marekani kupata ruhusa ya namna hiyo. Hakuna tiketi, hakuna mlango, na saa 24 uko wazi.

San Diego ni mji wa bandari. Nyuma ya kilima cha Point Loma kuna ghuba kubwa ambako meli za kivita za Marekani zinafungwa, pamoja na zile kubwa zinazobeba ndege. Fuo zake za kawaida ni za watu, na mbwa ana saa zake: kuanzia Aprili mpaka Oktoba haruhusiwi kukanyaga mchanga kati ya saa tatu asubuhi na saa kumi na mbili jioni, na nje ya saa hizo anaingia akiwa amefungwa kamba. Ndiyo maana wenye mbwa wanaukimbilia ufuo ule mmoja.

Anayezoea ziwa Kivu ao Tanganyika atashangazwa kwanza na maji yenyewe. Bahari inapanda na kushuka kila siku. Inaposhuka, mdomo wa mto unabaki uwanja mpana wa mchanga wenye vidimbwi, ambapo hata mbwa mdogo mwoga anaweza kuingia bila wimbi kumpiga. Inapopanda, uwanja unakuwa mwembamba na mbwa wote wanasongamana. Wenyeji wanaangalia kwanza saa za maji, kiisha wanatoka nyumbani.

Hapo kuna kila aina. Wakubwa wenye manyoya wanaruka ndani ya mawimbi kufuata mpira, wafupi wa miguu wanachimba mashimo, wazee wanatembea polepole nyuma ya wenyewe. Mbwa wawili wasiojuana wanakutana, wananusana, wanazunguka, wanaachana. Aliyetoka majini anajikung'uta mbele ya mtu asiyemjua na kumlowesha nguo, na huyo mtu anacheka. Aliyekuja na mkate wake aushike juu. Watoto wanapita katikati ya wote hao, na wazazi hawapigi kelele.

Utulivu huo wa wazazi una sababu, na sababu yenyewe si kwamba mbwa wa Marekani wana moyo mzuri kuliko wa kwetu. Mbwa ni mbwa. Tofauti iko katika sindano.

Katika eneo la San Diego, kila mbwa aliyefikisha miezi mitatu lazima achanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao wengi kwetu wanauita kwa Kifaransa rage. Bila karatasi ya chanjo hakuna leseni, na leseni ndiyo kile kibati chenye namba kinachoning'inia shingoni. Mbwa anayefunguliwa pale Dog Beach amefunguliwa kamba tu, hakufunguliwa sheria. Kwa kazi ya miaka mingi ya namna hiyo, mwaka 2007 wakubwa wa afya wa Marekani walitangaza kwamba kirusi cha kichaa kinachozunguka kati ya mbwa na mbwa kimekwisha katika inchi yao. Kichaa bado kiko kwa popo na wanyama wengine wa pori, kwa hiyo chanjo haikusimamishwa.

Duniani hesabu ni nyingine. Ugonjwa huu unakadiriwa kuua watu karibu 59.000 kila mwaka, karibu wote katika Asia na Afrika, na katika visa 99 juu ya 100 aliyeuleta ni mbwa. Wanne kati ya kumi wanaoumwa na mnyama anayeshukiwa ni watoto wa chini ya miaka 15. Kirusi kinapita katika mishipa ya fahamu mpaka kwenye ubongo, na dalili zikishaonekana, kupona ni karibu haiwezekani. Mbele ya hapo nafasi ipo: kidonda kioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni, dakika 15 bila kufupisha, na mtu apelekwe haraka kupata chanjo. Wataalamu wanasema ukichanja mbwa 70 kati ya 100, ugonjwa unakosa njia ya kupita. Na sindano ya mbwa ina bei ndogo sana kuliko zile anazohitaji mtu aliyekwisha kuumwa, ambazo kwa mama wa kijijini mara nyingi haziko karibu.

Kazi nyingine inayowasumbua wakaaji wa San Diego ni mavi. Kila mwenye mbwa anatakiwa kuokota ya mbwa wake ndani ya sashe na kuitupa kwenye pubele. Wengi wanafanya hivyo, wengine wanajifanya wanaangalia bahari. Kilichobaki kinaingia majini, na mvua ikinyesha mto unaongeza uchafu wa mji mzima. Idara ya afya inashauri watu wasiingie majini kwa saa 72 kiisha mvua. Kwa msomaji aliyeona plastiki za Bukavu zikienda kuziba mitambo ya umeme kwenye Ruzizi, hilo halihitaji maelezo marefu.

Ndege nao wana malalamiko yao, ingawa hawawezi kuyaandika. Kwenye Fiesta Island, mahali pengine pa San Diego ambako mbwa wanafunguliwa, kuna sehemu zilizozungushiwa uzio kwa ajili ya ndege wadogo wanaotaga mayai juu ya mchanga mtupu.

Chini ya kilometa 20 kutoka ufuo huo uko mtaa wa City Heights, ambako wakimbizi wa inchi nyingi wamepewa makao. Wakongomani ni kati ya waliofika San Diego, na wengi wa Wakongomani waliopokelewa Marekani walipitia kambi za Tanzania, Burundi, Uganda ao Rwanda. Mtu aliyekulia mahali mbwa analinda nyumba usiku na kulala nje hawezi kuzoea kwa siku moja kuona mbwa akipanguswa kwa taulo kama mtoto. Kuogopa kwake kuna akili ndani: anatoka mahali ambapo meno ya mbwa yanaweza kuua.

Na anayefikiri siku moja atamleta mbwa wake aliyebaki Goma, njia ni ndefu. Kongo iko kwenye orodha ya inchi ambazo Marekani inaziona kuwa na hatari kubwa ya kichaa cha mbwa. Tangu Agosti 2024, mbwa anayetoka huko lazima awe amefikisha miezi sita, awe na chombo kidogo cha kumtambulisha chini ya ngozi na karatasi za chanjo, na kama alichanjiwa nje ya Marekani anaweza kuingia kupitia viwanja vya ndege vichache tu vilivyochaguliwa.

Jioni, gari zinaanza kuondoka. Mchanga uko kila mahali, kwenye viti, kwenye masikio. Barabara ya kutoka ufuoni inaitwa Voltaire, kama yule mwandishi Mfaransa, kwani njia nyingi za pale zimepewa majina ya waandishi. Juu yake kuna duka lenye mabafu ya mbwa: unalipa, unapewa maji ya moto, sabuni na taulo, na unamwosha mbwa wako wewe mwenyewe.