Je, wajua? Uchovu wa utu uzima na testosteroni inayosingiziwa

Mwanaume akishavuka miaka 50, malalamiko hufanana: anachoka mapema, usingizi wa mang'amung'amu, kitambi kinaongezeka, majina ya watu yanamtoka, hamu ya tendo la ndoa imeshuka. Kabla hajafika kwa daktari, wenzake wameshampa jibu kwamba homoni zimeisha. Homoni yenyewe ni testosteroni, na watu wengi wanaitwisha mzigo usio wake.

Testosteroni hutengenezwa ndani ya korodani, kwenye seli zinazoitwa Leydig. Amri hutoka kichwani: sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi huichochea tezi ya pituitari, nayo pituitari humwaga kwenye damu homoni nyingine, LH, inayoziamsha seli hizo. Testosteroni ikitosha, ubongo hupunguza amri.

Kwamba korodani hufanya kazi kupitia damu ilijulikana kwa majogoo. Mwaka 1849, huko Göttingen nchini Ujerumani, Arnold Berthold alichukua majogoo sita wachanga. Waliohasiwa kabisa walikua wanene na wapole. Undu kichwani ulisinyaa na hawakujali mitetea. Lakini wale aliowarudishia korodani tumboni, katikati ya utumbo, waliwika, wakapigana na kufukuza mitetea kama kawaida. Alipowapasua aliona mishipa mipya ya damu imeifikia korodani, wala hakuna neva iliyoungana nayo. Basi kilichowafanya wawike kilisafiri kwa damu.

Miaka 40 baadaye alijitokeza Charles-Édouard Brown-Séquard, mzaliwa wa Port Louis, Morisi, mtaalamu mkubwa wa mwili aliyekuwa akifundisha Paris. Akiwa na miaka 72 alijidunga maji yaliyotokana na korodani za mbwa na simbilisi, kisha mwaka 1889 akawaeleza wanasayansi wenzake kwamba nguvu zimemrudia, anafanya kazi saa nyingi bila kuchoka. Habari ikaenea duniani na biashara ya dawa za namna hiyo ikachanua. Leo tunajua testosteroni haiyeyuki vizuri kwenye maji, kwa hiyo alichojidunga karibu hakikuwa na homoni. Mzee yule hakudanganya mtu. Alijisikia vizuri kwa sababu alitarajia hivyo. Kisa chake kinapaswa kukumbukwa kila mara mtu anaposema sindano imemwamsha. Testosteroni safi ilipatikana mwaka 1935 tu, Amsterdam, kutoka kwenye korodani za mafahali.

Ni kweli kwamba kiwango chake hushuka kadiri umri unavyokwenda, wastani wa asilimia 1 hivi kwa mwaka baada ya miaka 40. Ila kushuka si lazima kuwe ugonjwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba miongoni mwa Wahadzabe wa Tanzania, ambao baba hushiriki sana kulea watoto, wanaume wenye watoto walikuwa na testosteroni ndogo kuliko wasio na watoto. Kwa majirani zao Wadatoga, ambao baba hakai sana na watoto wadogo, tofauti hiyo haikuonekana. Mwili hurekebisha homoni hii kulingana na maisha.

Swali kubwa ni kama kushuka huko ndiko kunakoleta yale malalamiko. Watafiti wa Ulaya walilichunguza kwa wanaume 3,369 wenye umri wa miaka 40 hadi 79, katika miji minane, na kutoa majibu mwaka 2010. Waliuliza dalili nyingi, wakapima damu ya asubuhi, kisha wakatazama dalili zipi zinaandamana kweli na upungufu. Zilibaki tatu, zote za unyumba: uume kutosimama alfajiri kama zamani, mawazo ya mapenzi kupungua, na uume kushindwa kusimama wakati wa tendo. Uchovu na huzuni vilihusiana na homoni kwa udhaifu mno, visiweze kumtambulisha mgonjwa. Wenye dalili zote tatu pamoja na upungufu kwenye damu walikuwa asilimia 2.1 tu.

Jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2016 liliwapa jeli ya testosteroni au jeli tupu wanaume 790 wa miaka 65 na zaidi waliokuwa na kiwango cha chini. Baada ya mwaka mmoja, hamu na uwezo wa tendo viliongezeka kiasi. Uchovu, ambao ndio huwapeleka wengi kutafuta dawa, haukupungua kwa namna ya kueleweka.

Sasa mbona mwenye kitambi na uchovu akipimwa hukutwa na testosteroni ndogo? Mara nyingi kisababishi kimegeuzwa kuwa matokeo. Unene, kisukari, kukoroma kunakokata pumzi usingizini na dawa kali za maumivu vyote huishusha. Katika utafiti uleule wa Ulaya, waliopunguza uzito mwingi homoni yao ilipanda bila sindano.

Wapo wenye upungufu wa kweli: waliozaliwa na kasoro za kromosomu, wenye uvimbe kwenye pituitari, walioharibiwa korodani na matubwitubwi. Hao wanahitaji tiba na inawasaidia sana. Kuwathibitisha hutaka damu ichukuliwe asubuhi, siku mbili tofauti, kwa kuwa kiwango hushuka jioni. Na yeyote anayetaka mtoto aambiwe wazi: testosteroni ya kutoka nje huufanya ubongo ukate amri, korodani husinyaa na mbegu zinaweza kuisha kabisa kwa miezi. Vijana wa mazoezi wanaojidunga hawaambiwi hili, na inauma.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni unga wa kuongeza nguvu za kiume unaouzwa mitaani. Baadhi ya bidhaa za aina hii, zilipopimwa maabara, zimekutwa na sildenafili, dawa ya kusimamisha uume, iliyochanganywa kimyakimya. Sildenafili haipandishi testosteroni hata kidogo. Inapanua mishipa, na kwa anayetumia dawa za moyo za jamii ya naitreti inaweza kuangusha presha hadi kuua. Unga huo pia huficha onyo: mishipa ya uume ni myembamba kuliko ya moyo, kwa hiyo huanza kuziba mapema, na uume kushindwa kusimama huweza kutangulia shambulio la moyo kwa miaka michache. Mwanaume wa miaka 55 anayelifunika tatizo hilo kwa unga huitumia miaka hiyo bila kupimwa sukari, presha wala lehemu.