Kwale kwa Njia Panda: Maelezo kwa Anayetoka Tanga

Rafiki yangu wa Tanga anakuja kunitembelea Ukunda, na hajawahi kuvuka mpaka wa Horohoro. Tangu aniulize kwa simu usafiri wa huku ukoje, nimekuwa nikiipita barabara ninayoipita kila siku kama mtu aliyeshushwa hapo jana. Majibu niliyomkusanyia nayaandika hapa, kwa kuwa wengi wetu wa Tanga, Mkinga na Muheza tuna ndugu upande huu. Wadigo wa kwetu na wa Kwale huoana na kuzikana, lakini ukimwambia mtu wa Duga aende peke yake hadi Msambweni, atauliza kwanza nani atampokea.

Jambo la kwanza kulijua ni kwamba pwani hii yote imeshikwa na barabara moja. Inaanza mpakani Lunga Lunga, inapita Ramisi, Msambweni, Gazi, Ukunda, Tiwi, Kombani, Waa na Ng'ombeni, na kuishia Likoni, ambako bahari inaikata na feri kupokea watu kwenda Mombasa. Ni mwendo wa kilomita 100 hivi. Vijiji vya ufukweni viko mkono wa kulia wa anayetoka Tanzania, vilima viko kushoto, na karibu kila mji mtu anaoutaka uko kando ya barabara hii, si juu yake. Msambweni yenyewe, na hospitali yake kubwa ya rufaa ya kaunti, iko ndani kuelekea baharini. Diani iko ndani. Shimoni iko ndani zaidi. Hata Kwale, mji uliobeba jina la kaunti nzima, uko juu ya vilima vya Shimba, na kutoka kusini unaingilia Kombani.

Kwa hiyo msafiri hahitaji ramani, anahitaji jina la njia panda. Magari hayana namba za njia, vituo havina mabango, ratiba hakuna. Mtu anayemwambia kondakta "nishushe Diani" ataulizwa Diani ipi, kwa sababu gari la barabara kuu haliingii ufukweni. Anayesema "Ukunda, kwenye njia ya Diani" ameeleweka. Mgeni akizishika njia panda tano, yaani ya Shimoni, ya Msambweni, ya Ukunda, ya Kombani na mwisho wa Likoni, hakuna atakapopotea.

Mpakani mambo yamerahisishwa kuliko wanavyosimulia wazee. Kituo ni cha pamoja: anayeingia Kenya hupita Horohoro bila kusimama na kukaguliwa Lunga Lunga, ambako maafisa wa nchi zote mbili wamekaa katika jengo moja, na anayerudi nyumbani hukaguliwa Horohoro. Pasipoti ni bora, na asiye nayo achukue hati ya dharura ya kusafiria kabla hajatoka Tanga. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano nayo aiweke karibu. Kisha pesa. Shilingi moja ya Kenya huenda kwa karibu 20 za kwetu, ikipanda na kushuka, na hapa ndipo wageni wetu hujisahau. Nauli ya hamsini inasikika kama chenji ya mfukoni, kumbe ni karibu elfu moja ya Tanzania. Mtu apige hesabu kabla ya kuitikia bei yoyote, hasa ya bodaboda.

Yapo mabasi ya Dar es Salaam kwenda Mombasa yanayopita Tanga na kuvuka hapa na abiria wao, na anayependa utulivu ayapande, ashuke Ukunda. Lakini mimi namshauri rafiki yangu aje kwa vipande: gari la Tanga hadi Horohoro, avuke kwa miguu na begi lake, apande matatu Lunga Lunga. Atachelewa kidogo, ila atakuwa ameiona nchi.

Matatu atakayoikuta si ile Coaster tunayosimama ndani yake tukining'inia bomba. Ni Hiace yenye mstari wa njano ubavuni na idadi ya abiria iliyowekwa na sheria: 14. Kanuni hizo zilianza kutumika Februari 2004, wakati John Michuki alipokuwa waziri wa uchukuzi, na Wakenya hadi leo wanaziita kwa jina lake. Ziliagiza mkanda kwa kila kiti, kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, na mtu yeyote asisimame. Mikanda utaikuta imechakaa au imefungwa nyuma ya kiti, na ikifika jioni yenye mvua idadi ya 14 husahaulika. Hata hivyo kanuni zimeacha desturi nzuri. Abiria wa Kenya hujiona ana haki ya kiti, na akiambiwa asogee ili wakae wanne penye nafasi ya watatu, husema hapana kwa sauti na wenzake humuunga mkono. Kwetu bado tunasogea kimya.

Ndani ya gari mwenye amri ni kondakta, ambaye huku huitwa makanga. Husimama mlangoni, mgongo wake umeinama kufuata dari, noti zimekunjwa kwa urefu na kubanwa katikati ya vidole, za mia mbali na za hamsini mbali. Hakusanyi nauli wakati wa kupanda. Gari likishashika mwendo ndipo anapogusa bega la kila mtu kwa ncha za noti, kuanzia kiti cha nyuma, na wa nyuma hupitisha pesa mbele mkono kwa mkono. Chenji haiji papo hapo. Makanga anaikumbuka, na ataitoa akishapata noti ndogo kwa wengine. Mgeni asigombe, ila asinyamaze akikaribia kushuka. Siku hizi wengi hulipa kwa M-Pesa, kwa namba iliyobandikwa juu ya kioo cha dereva. Muziki utakaompokea rafiki yangu ataujua maneno yote, kwa maana vijana wa Kwale wanasikiliza Bongo Fleva kuliko tunavyoisikiliza sisi.

Magari ya kwenda kaskazini hujaa upesi, ya kusini hujaa polepole, na sababu yake ni riziki. Kazi, soko na ofisi ziko Mombasa, hoteli ziko Diani, kwa hiyo asubuhi watu wote wanaelekea Ukunda na Likoni. Anayetaka kwenda Msambweni au Lunga Lunga saa tatu asubuhi atakaa ndani ya gari steji ya Ukunda hadi kiti cha mwisho kipate mtu. Jioni mambo hugeuka. Hata hivyo, kusini kwa Ukunda nako kumewahi kuwa na ajira zake. Ramisi kulikuwa na kiwanda cha sukari kilichofungwa mwishoni mwa miaka ya 1980, na mashamba ya miwa na mkonge yalileta watu kutoka mbali, wakiwemo Wamakonde kutoka Msumbiji na kusini mwa Tanzania. Waliishi Kwale kwa vizazi bila vitambulisho. Mwaka 2016 walifunga safari kutoka Kwale hadi Nairobi kudai uraia, sehemu kubwa kwa miguu, na mwaka uliofuata walitambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Mtanzania akipita Msambweni na kuona kinyago au kusikia Kimakonde asidhani amekosea njia.

Ukunda ndiyo kitovu. Hapo matatu zinageuka, tuktuk, ambazo ni bajaji zetu, zimepangwa mstari, na bodaboda humzunguka kila anayeshuka na begi. Barabara ndogo inateremka kuelekea baharini na kukutana na barabara ya Diani inayofuata ufuko. Kushoto inakwenda hadi msikiti wa kale wa Kongo, kwenye mdomo wa mto Mwachema. Kulia inapita hoteli na kuelekea Galu na Kinondo, ulipo msitu wa Kaya Kinondo, mmoja wa misitu mitakatifu ya Wamijikenda iliyoingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2008. Rafiki yangu ainue macho akiwa ndani ya tuktuk, ataona ngazi za kamba na mpira zilizofungwa kati ya miti, juu ya lami. Ziliwekwa kwa ajili ya mbega, waliokuwa wakigongwa na magari wakivuka chini, na ukisubiri kidogo utamwona mmoja akipita na mkia wake mrefu. Napenda sana kwamba mji wa hoteli uliona haja ya kuwajengea mbega njia yao. Natamani upande wa pili wa mawazo hayo uwafikie wahudumu na wapishi wanaotembea kando ya barabara hiyo alfajiri, mahali pengi pasipo na njia ya miguu.

Kisha kuna Likoni. Sijui namna ya kumweleza mtu feri ya Likoni bila kumfikisha hapo. Kwetu anayeijua Kigamboni anaweza kuanzia hapo: mkondo mwembamba, mji mkubwa upande wa pili, meli za mizigo zikikatiza katikati. Ila Kigamboni mtu wa miguu hulipa, na tangu 2016 lipo daraja. Likoni mtu wa miguu havushwi kwa pesa. Geti likifunguliwa umati mzima huteremka kwa pamoja: wanafunzi wenye sare, mikokoteni ya madafu, akina mama wenye vikapu vya maembe na mihogo vinavyokwenda soko la Marikiti, mafundi na masanduku yao. Mtu hashindani na umati ule, huteremka kwa mwendo wake. Magari huingia kwa foleni yao na kulipa, na katikati ya bahari watu husimama wakiegemea magari. Huvuka kwa dakika chache, ila kusubiri ndiko kunakoweza kula saa.

Kila anayevuka hapa anakumbuka tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe, jirani na Likoni, ilipopinduka na kuua watu 272. Ndiyo maana siwezi kuiona feri iliyojaa nikaiona kuwa ni picha nzuri ya kitalii. Watu wa Kwale wameishi wakitegemea chombo kimoja kwa kazi, hospitali na kuzika. Miaka hii ya karibuni barabara ya Dongo Kundu imefunguliwa, kutoka Kibundani hadi Miritini kupitia madaraja marefu ya Mteza na Mwache, na mwenye gari sasa anaweza kwenda stesheni ya reli au uwanja wa ndege bila kuigusa feri. Ni nafuu kubwa. Lakini mama wa vikapu anakwenda Marikiti, na Dongo Kundu haimpeleki Marikiti.

Kitu kinachonikera katika usafiri huu wote ni nauli. Haijaandikwa popote. Mwenyeji anaijua, na anajua pia kwamba hupanda Idi, Desemba, siku za kufungua shule na mvua ikinyesha. Mgeni huambiwa bei kwa kuangaliwa viatu. Mgeni mwenyewe si kitu, atalipa na kusahau. Ninaowafikiria ni wazee wanaotoka Vanga na Lunga Lunga kwenda kliniki Msambweni, wakiwa wamefunga pesa kamili kwenye pindo la leso, halafu mvua inyeshe. Bango moja Ukunda, moja Likoni, moja Lunga Lunga, lenye nauli ya kila njia panda na saini ya chama cha wenye magari, lingewatosha. Vyama vipo, kila matatu imeandikwa jina la ushirika wake mlangoni, na kaunti ipo tangu 2013. Hili si la kusubiri wafadhili. Hadi hapo itakapowezekana, mgeni amuulize abiria aliyeketi jirani, wala si makanga wala mpiga debe. Aamkie kwanza, kisha aulize. Mtu wa Kwale aliyeamkiwa vizuri atakutajia nauli, atakuonyesha pa kushuka, na mara nyingi atamwambia makanga mwenyewe, "Huyu ni mgeni wetu, usimzidishie."

Rafiki yangu atoke Tanga alfajiri. Baada ya magharibi magari ya kusini huwa machache, na anayekwama njia ya Shimoni au Msambweni hubaki mikononi mwa bodaboda na bei wanayotaka. Akipanda Lunga Lunga kabla ya adhuhuri ataingia Ukunda na jua. Kesho yake tutaanza na Shimoni, kwa sababu mashua za kwenda kisiwa cha Wasini huondoka mapema, na feri ya Likoni tutaiacha hadi Jumapili, umati unapopungua.